Utafiti wa mambo ya chumbani kwa njia ya mtandao: maswali tunayoulizwa kila siku, Unguja na Pemba

Assalaam aleikum. Mie ni nesi, na kwa miaka kadhaa sasa nawasaidia wanafunzi wa chuo na wafanyakazi wenzangu wa afya wanaotaka kufanya utafiti wa afya ya unyumba kwa kutumia fomu za mtandaoni. Maswali yanajirudia, meseji zinaingia mpaka usiku, ndo nikaona niyaandike yote pahala pamoja. Soma lote, usiruke ukaenda kwenye swali la kibali tu.

Kwani kuna haja gani ya kuwauliza watu mambo hayo? Si kuwavua nguo?

Hili naulizwa na wazee zaidi kuliko wanafunzi na ni swali la haki kabisa. Jibu langu liko kliniki. Mwanamme anakuja anasema mgongo unamuuma, unampima, unamuandikia, anainuka, anafika mlangoni ameshika kitasa ndo anageuka anasema "nesi, na lile jambo jengine…" Lile jambo jengine ndo alilolifuata. Na mara nyengine ndo la hatari kuliko mgongo, mana mishipa ya damu ya uume ni midogo kuliko ya moyo, ikianza kuziba inaonesha mapema, kwa hiyo mwanamme ambaye uume wake hausimami leo anaweza kuwa na kisukari au presha asiyoijua, au moyo wake utakuja kumsumbua miaka michache mbele. Badala ya kupimwa anaambiwa akanywe supu ya pweza, au anauziwa vumbi la Kongo na mtu asiyejua hata ndani mna nini.

Wanawake ndo kabisa. Maumivu wakati wa tendo, ukavu, hamu kupotea baada ya kuzaa, yote anaambiwa avumilie.

Sasa ukitaka kuiambia wizara kwamba tatizo lipo unahitaji hesabu, na hesabu tunazozitaja kila siku si zetu. Utafiti wa Massachusetts wa 1987 mpaka 1989 ulichukua wanaume 1,709 wa miaka 40 hadi 70, asilimia 52 wakawa na tatizo la kusimama kwa kiwango fulani. Ule mwengine wa Marekani uliochapishwa 1999, watu wa miaka 18 hadi 59, ukasema asilimia 43 ya wanawake na 31 ya wanaume wana shida ya tendo, na ile 43 ikabishaniwa sana kwa sababu walihesabu shida bila kumuuliza mtu kama inamkera. Hao ni Wamarekani. Mtu wa Micheweni hayumo humo.

Kwa nini mtandaoni na sio kupita nyumba kwa nyumba?

Ukipita nyumba kwa nyumba unakwenda na mtu wa sheha, unakaribishwa barazani, mama mkwe yuko uwani anapepeta mchele na masikio yako kwako, na wewe mwenyewe ni mtoto wa fulani anayejulikana. Halafu umuulize mke wa watu kama anafika kileleni. Atakwambia kila kitu kizuri alhamdulillah, na wewe utaandika kila kitu kizuri.

Hili limepimwa zamani. Mwaka 1998 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Marekani, vijana wa kiume waliosikiliza maswali kwenye hedifoni na kujibu wenyewe kwenye kompyuta walikiri mambo ya aibu mengi kuliko waliojaza karatasi. Mtu akiwa peke yake na skrini anasema zaidi, na kwa visiwa vidogo kama vyetu nadhani faida hii ni kubwa zaidi. Ila inakuja na deni lake, soma swali linalofuata.

Nikishea linki kwenye magrupu 20 ya WhatsApp nikapata majibu 1,000, si nishamaliza?

Hujamaliza, na hapa naomba tukae kidogo mana ndo wanapoanguka wengi.

Waliojibu ni akina nani? Wana simu janja, wana bando, wanasoma vizuri, wamo kwenye magrupu ambayo na wewe umo, na kubwa kuliko yote, wameiona mada wakasema hii nijibu. Anayejibu fomu ya mambo ya chumbani ama ana tatizo linamuuma anataka kusema, ama hana haya na mada hii. Yule mwenye haya, ambaye pengine ndo wengi wetu, kaipita. Kwa hiyo ukisema "asilimia 60 ya wanawake wa Zanzibar wana tatizo la hamu" umesema uongo bila kukusudia, ulichokipata ni asilimia 60 ya waliojibu fomu yako.

Wingi hauponyi hili. Mwaka 1936 gazeti la Marekani liitwalo Literary Digest lilituma kadi kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza Landon atashinda urais. Akashinda Roosevelt, majimbo 46 kati ya 48. Na kwenye mada yetu hasa, Waingereza walifanya uchunguzi wao mkubwa wa mambo ya unyumba 2010 mpaka 2012, watu 15,162 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, kisha maswali yale yale yakaulizwa kwa watu wa kujiunga wenyewe mtandaoni, na majibu mengi yakatofautiana. Na Uingereza karibu kila mtu ana intaneti, sembuse sie.

Halafu kuna hii 384. Kila pendekezo la utafiti ninaloletewa linasema watahojiwa watu 384. Hiyo namba inatoka kwenye fomula ya sampuli ya bahati nasibu, uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5, yaani kila mtu kati ya wale 1,889,773 waliohesabiwa Zanzibar kwenye sensa ya 2022 (au kundi lake unalolitaka) awe na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Linki ya WhatsApp haina nafasi inayojulikana. Ukiandika 384 kwa sampuli ya linki umevaa kanzu ya mtu mwengine.

Sisemi usifanye. Fanya, ila uliza maswali yanayolingana na sampuli yako: watu wanatafuta wapi msaada, wanatumia maneno gani, nini kinawazuia kwenda hospitali, wenye kisukari waliojibu wanatofautiana vipi na wasiokuwa nacho. Na uandike wazi linki ilipita wapi, wangapi waliifungua, wangapi walianza, wangapi walifika mwisho. Kuna orodha ya mambo ya kuripoti kwa tafiti za mtandaoni inaitwa CHERRIES, ya 2004, itafute uifate kipengele kwa kipengele.

Kuna njia nzuri zaidi ya kuwapata watu waliojificha?

Ipo ya kuponi. Unaanza na watu wachache, kila mmoja unampa kuponi kama 3 za kuwapa wenziwe anaowajua, nao hivo hivo, na kila mtu unamuuliza anawajua wangapi wa kundi lake ili uje usawazishe hesabu. Aliyeitunga ni Heckathorn mwaka 1997 na hapa Unguja ilishatumika 2007 kwa watu wanaojidunga dawa za kulevya. Kwa mtandao kuponi inakuwa namba ya siri ya mara moja tu, ikishatumika inakufa. Kazi yake kubwa lakini, usiianze kama una miezi miwili tu ya kumaliza digrii.

Kibali napata wapi? Nina cha bara tayari.

Cha bara peke yake hakitoshi. Afya si jambo la Muungano, Zanzibar tuna taasisi yetu ya utafiti wa afya, ZAHRI, na kamati yake ya maadili, huko ndo unapeleka. Fomu kuwa ya mtandaoni haikutoi kwenye sheria, kama unawauliza watu walioko Zanzibar basi uko Zanzibar hata kama wewe umekaa Dodoma au London. Juu ya hapo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayoziweka taarifa za afya na za maisha ya kujamiiana kwenye fungu la taarifa nyeti, ila kwa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano, kwa hiyo iulize kamati inakuhusu vipi. Kwa hiyo usianze kukusanya ukasema kibali kitanikuta njiani.

Nitumie dodoso gani? Nitunge mwenyewe?

Usitunge kama lipo. Kwa wanaume kuna IIEF ya 1997, maswali 15, na fupi yake ya maswali 5, ambayo alama 21 kushuka chini inaashiria tatizo la kusimama. Kwa wanawake kuna FSFI ya 2000, maswali 19, alama ya juu 36, na watafiti wanakata kwenye 26.55, kushuka chini wanahesabu kuna tatizo. Angalia masharti ya mwenye hatimiliki kabla hujaweka mtandaoni.

Kazi ni kutafsiri. Mtu mmoja atafsiri kwenda Kiswahili, mwengine ambaye hajaliona la asili arudishe Kingereza, mlinganishe, kisha mkae na watu wa kawaida mmoja mmoja muwaulize "hapa umefahamu nini?" Hii ya mwisho watu wanaikwepa na ndo yenye faida. Sie tuliandika "katika wiki 4 zilizopita ulipata hamu mara ngapi?" Mama mmoja akajibu kila siku, asubuhi na jioni. Tukafurahi. Tulipokaa naye akasema mume wake yuko Maskati mwezi wa saba huu, vipi asiwe na hamu naye? Hamu kwetu ni kummiss mtu! Ikabidi tuandike "hamu ya tendo la ndoa" kila pahala, na bado nawaita masomo na makungwi (wale wanaowafunda maharusi) wawili watatu wa Unguja na Pemba wayasikilize maneno, mana wao wameyasema haya kwa adabu miaka mingi kabla yetu, wanajua neno gani linamfanya mtu aone haya na lipi linapita. Na usichukulie kwamba neno la mjini linafahamika sawa Makunduchi na Kojani.

Jengine. FSFI inauliza wiki 4 zilizopita, na maswali yake mengi yana jibu la "sikufanya tendo" ambalo linapewa sifuri. Sasa mwanamke ambaye mume wake yuko dago anavua, au yuko safari, au amefiwa, anapata sifuri nyingi, jumla inashuka chini ya 26.55, kompyuta inasema mgonjwa. Si mgonjwa, mume hayupo. Watafiti wa nje walishalisema kosa hili tangu 2007 na bado naliona kwenye ripoti. Watenganishe hao kwenye hesabu. Na usikusanye ndani ya Ramadhani au wiki 4 baada ya Idi halafu ukalinganisha na majibu ya mwezi wa kawaida, mchana mzima watu wamefunga, kumi la mwisho wengine wako itikafu, wiki 4 hizo hazifanani na nyengine.

Mwisho wa dodoso muulize kama jambo hilo linamkera. Asiyekereka usimpe jina la ugonjwa.

Mnasema "siri" sana. Fomu si haina jina?

Hapa nasema lililonikuta mwenyewe. Fomu yetu ya mwanzo haikuuliza jina, haikuuliza namba, nikaona tumeshamaliza. Ila kwenye mipangilio kuna kijisehemu kinachomruhusu aliyejibu aone muhtasari wa majibu ya wenzake, na kiliachwa wazi. Mie ndo niliyeiandaa ile fomu. Siku ya pili asubuhi dada mmoja akanipigia, sauti iko chini, akaniambia "dada, nimejibu, nimebonyeza, naona maneno ya watu." Kwenye swali la maelezo kuna mtu alikuwa ameandika aya nzima, ugomvi wake na mumewe, mtoto wa pili alivozaliwa kwa operesheni, na neno moja analopenda kulitumia. Yule dada alishamjua ni nani. Nikaifunga fomu pale pale, ikapita masaa kama 19 tangu ifunguliwe. Tukaripoti kamati, tukawaandikia kwenye magrupu yote kuwaomba radhi, data yote tukaifuta. Yule mwenye maneno yake sijui kama aliwahi kujua na mimi sikumtafuta, mana kumtafuta ingekuwa kumfedhehesha mara ya pili.

Tangu siku hiyo kila fomu naijaza mwenyewe kwa simu tatu tofauti kabla haijatoka, mpaka ule ukurasa wa mwisho. Na jina si ndo utambulisho peke yake. Ukiuliza umri, kazi na shehia, basi "mwanamke, miaka 34, nesi, Kojani" ushamtaja. Kwetu uliza wilaya, au Unguja na Pemba tu, umri kwa mafungu, kazi usiulize kama huna matumizi nayo. Zima kukusanya barua pepe na anwani ya IP. Ile ya kulazimisha mtu aingie na akaunti yake ili ajibu mara moja tu pia ifikirie, anaona barua pepe yake juu ya fomu anakimbia, na mie simlaumu. Kuna majibu hapa kwetu yanaweza kumtia mtu matatani na ndoa yake, na ukoo wake, hata na sheria.

Simu ya nyumba ni moja, mke na mume wanaitumia wote. Nifanye nini?

Swali zuri kuliko yote na nilichelewa kulifikiria. Meseji ya mwaliko isitaje mada waziwazi, andika "utafiti wa afya kwa watu wazima", mada iwe ndani baada ya kufungua na kabla ya kukubali. Usitume vikumbusho kwa namba ya mtu. Fomu isihifadhi nusu ya majibu akiifungua tena mwengine ayakute. Weka mwanzoni maneno kama "jibu ukiwa peke yako, ukimaliza futa historia", na mfundishe namna ya kufuta, kwa picha.

Niwape vocha ili wajibu?

Ndogo, ndio. Kubwa, utawapata wanaotafuta vocha. Rafiki yangu alitangaza vocha ya elfu 5, usiku mmoja akaingiza majibu mia kadhaa, mengi yamejazwa kwa sekunde 40, wanaume waliojifungua watoto wanne. Weka swali la maelezo hata moja, angalia muda wa kujaza, weka maswali mawili yanayotakiwa kukubaliana (umri na mwaka wa kuzaliwa kwa mafungu), na uamue mapema kabla hujaona majibu utatupa yepi. Namba ya kutumia vocha iwe kwenye fomu nyengine isiyofungamana na majibu.

Kuna grupu la Facebook watu wanasimulia matatizo yao ya ndoa, naweza kuchukua posti zao kama data?

Kwamba unaweza kuzisoma haina maana umeruhusiwa. Mwaka 2016 watafiti wa Denmark waliweka hadharani data za watumiaji kama 70,000 wa OkCupid, mtandao wa kutafuta wachumba, na majibu yao ya mambo ya ndani kabisa, wakijitetea kwamba zilikuwa wazi tayari. Dunia nzima ikawakemea. Mtu aliyeandika saa nane usiku kwa wanawake wenziwe hakukuandikia wewe na jarida lako. Muombe admini, waombe wanagrupu, na hata wakikubali usinukuu neno kwa neno, mana sentensi ukiibandika kwenye Google inakupeleka kwa mwenyewe.

Watu wananifata inboksi wanaomba dawa. Niwajibu?

Wewe hapo ni mtafiti. Mwisho wa fomu weka wapi pa kwenda, kliniki yenye mtu aliyekubali kuwapokea, Unguja na Pemba zote mbili, mana kumwambia mtu wa Wete, Pemba, aje hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ni kumwambia asiende. Nenda mwenyewe kwanza ukaongee na huyo daktari, umuulize siku gani anakuwepo. Ila kuna moja nalijibu hapo hapo bila kusubiri: anayetumia dawa za moyo za kundi la naitreti, zile za kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, asiguse vidonge vya kusimamisha uume vya sildenafili (Viagra), presha inaweza kushuka mpaka akafa. Na vile vinavouzwa dukani bila kuulizwa kitu, hajui humo mna kiasi gani.

Akikuandikia kwamba anapigwa au analazimishwa, hilo si la inboksi. Uwe na namba ya mtu wa kumkabidhi, imeshaandikwa kwenye pendekezo lako la utafiti kabla hujaanza.

Wa chini ya miaka 18?

Hapana, sio kwa linki ya wazi.

Niulize walio kwenye ndoa tu? Wengine wanasema ukiuliza wasio na ndoa unahalalisha.

Kuuliza si kuhalalisha, daktari akimuuliza mtu kama anavuta sigara hajamruhusu. Lakini adabu ya maneno ni muhimu. Tunaandika "kama ulishiriki tendo" na jibu la "sitaki kujibu" kwenye kila swali, kila swali kweli kweli, na fomu isigome kuendelea akilichagua. Ukiandika "mumeo" kila pahala, mjane na aliyeachwa wanaishia swali la tatu, na hao wanawake walioachwa kwetu ni wengi na shida zao ni zao.

Nimemaliza, nina data. Sasa?

Ihamishe kutoka mtandaoni, iweke pahala pamoja penye nenosiri, sio kwenye flashi inayozunguka na sio kwenye grupu la WhatsApp la timu. Kwenye majedwali kisanduku chenye watu chini ya 5 usikichapishe, kiunganishe na cha jirani. Tarehe ya kufuta iandike kwenye kalenda na ufute.

Halafu rudisha majibu kwa waliojibu. Kwenye magrupu yale yale, kwa sauti ya dakika tatu, Kiswahili cha kawaida, bila asilimia nyingi. Tulipotuma ya kwetu mwaka jana, ndani ya saa moja watu kumi na kitu waliuliza ile kliniki iko wapi na inafunguliwa saa ngapi, na mmoja akauliza kama akija na mkewe wataingia pamoja. Wataingia pamoja. Siku za Jumatano, asubuhi.